Nina miaka 57, imekuja sistimu mpya na kijana ananipita: je, nimekwisha kazini?

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 57, niko idara ya malipo, kazi yangu ni kuhakiki ankara za wasambazaji kabla hazijalipwa, huu ni mwaka wa 24 nafanya kazi hiyo hiyo. Mwaka jana waliweka sistimu mpya na tangu hapo naona nimekuwa mzito. Kijana aliyeajiriwa juzi juzi anamaliza mafungu yake kabla yangu, majina ya watu yananipotea mdomoni, ikifika saa nane mchana nimechoka kabisa, jioni shingo inauma. Wiki iliyopita bosi kaniuliza kwa upole kama nimeshafikiria kupumzika mapema. Niambie ukweli tu, nimekwisha au bado nina kitu?

JIBU: Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na nitakujibu kwa urefu maana kwa miaka niliyokaa kwenye hii kazi ya afya kazini nimeulizwa hivi na watu wengi, na karibu wote wanauliza wakati wameshajihukumu peke yao usiku, hawajamuuliza mtu.

Hujakwisha. Ila sitakudanganya kwamba hakuna kilichobadilika, kipo, nacho ni spidi. Uwezo wa kupokea kitu kigeni na kukifanyia kazi haraka haraka unaanza kushuka mapema mno, watu hawaamini nikiwaambia. Mwaka 2015 watafiti wawili, Joshua Hartshorne na Laura Germine, walitoa matokeo ya vipimo vya maelfu ya watu wa umri mbalimbali, na walichokiona ni kwamba hamna umri hata mmoja ambao akili yote iko kileleni kwa pamoja. Spidi iko juu kabisa kwenye miaka 18, 19 hivi, alafu inaanza kuteremka pole pole. Lakini ufahamu wa maneno na maana zake unaendelea kupanda mpaka mtu anaingia miaka ya sitini. Kwa hiyo huyo kijana wako naye upande mmoja ameshaanza kuteremka, hajajua tu, na wewe upande mwingine bado unapanda.

Wanasaikolojia wana namna yao ya kulieleza hili, alianza nayo Raymond Cattell miaka ya 1940: kuna akili ya kutatua jambo geni papo kwa papo, na kuna akili iliyojijenga kwa miaka kutokana na uliyojifunza na kuyaona. Sistimu mpya ilipokuja ilikupima kwa ile ya kwanza peke yake. Miezi ya mwanzo kila kitu kilikuwa kigeni, kitufe hakipo ulipokizoea, na ile miaka 24 haikupata pa kujionyesha. Ndo maana ukaona umekuwa mzito ghafla wakati kushuka kwenyewe kumechukua miaka thelathini na zaidi.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana na naona unakuhusu moja kwa moja. Mwaka 1984 Timothy Salthouse aliwapima wapiga taipu wa umri kuanzia miaka 19 hadi 72. Ukiwapa kazi ya kubonyeza kitufe haraka pale wanapoona alama, wale wakubwa walichelewa, kama ulivyotegemea. Lakini ukiwapa ukurasa wauchape walikwenda sawa na vijana. Siri ilikuwa kwenye macho, yalikuwa yametangulia mbele zaidi, yaani mkono uko kwenye herufi hii na jicho limeshasoma herufi kadhaa zinazokuja, kwa hiyo kidole kikifika pale kilishajua kinakwenda wapi. Na maandishi ya mbele yalipofichwa, yakabaki machache tu ya kuona, wakubwa ndio walioumia zaidi.

Sasa jiulize, kwenye ile kazi ya zamani macho yako yalitangulia wapi? Nadhani ulikuwa na rundo la karatasi mezani, ukilipekua asubuhi unajua leo kuna nini, nani kaleta, ipi ina harufu. Sistimu nyingi za siku hizi zinakuletea ankara moja moja, umalize hii ndo uione nyingine. Yaani wamekufunika maandishi ya mbele! Kabla hujaanza kazi asubuhi fungua orodha nzima ya siku, kama sistimu inaruhusu kuichapa ichape, ipitie dakika kumi na kalamu mkononi, weka alama zile za kutilia shaka, ndo uanze. Na kama ofisi inaweza kukupa skrini ya pili, omba, orodha ikae kule na ankara ikae hapa. Hii peke yake nimeona inarudisha mtu kwenye mwendo wake.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima pembeni ya mhakiki mmoja wa miaka 59, mahali ambapo walikuwa wananiuliza kama bado anafaa. Anaenda taratibu, anabonyeza kwa kidole kimoja, kwa kweli hata mimi nilianza kupata wasiwasi. Ankara ya saba akasimama. Mikono ikatoka kwenye kibodi akaiweka mapajani, akaitazama skrini labda dakika nzima, alafu akasema huyu hajawahi kuleta mzigo mwisho wa mwezi. Akarudi nyuma miezi miwili, ikawa ni mzigo ule ule ulioshalipwa, kilichobadilishwa ni tarehe na tarakimu moja ya namba ya ankara. Sistimu iliipitisha kwa sababu namba haikufanana na iliyotangulia. Kijana wa meza ya pili muda huo alikuwa ameshamaliza kumi na nne, na jioni ripoti ilionyesha kijana kafanya nyingi, mzee kafanya chache, na ile moja aliyoizuia haikuandikwa popote.

Hapo ndo penye tatizo lako dada, na nitalirudia kwenye mambo ya bosi. Kiwandani pia iko hivyo. Axel Börsch-Supan na Matthias Weiss walifuatilia watu wanaounganisha malori kwenye kiwanda kimoja Ujerumani wakihesabu makosa na uzito wake, wakakuta wafanyakazi wa umri mkubwa wanakosea kidogo zaidi kwa idadi, lakini yale makosa mazito yenye hasara kubwa karibu hawayafanyi. Na mwaka 2008 Thomas Ng na Daniel Feldman walikusanya mamia ya tafiti zilizokwisha kufanyika kuhusu umri na utendaji kazini, wakaona umri karibu hausemi chochote kuhusu ubora wa kazi ya msingi. Kwenye mafunzo mapya wakubwa walikuwa nyuma kidogo, hilo ni kweli. Kwenye kusaidia wenzao, kufuata taratibu za usalama na kutotoroka kazini walikuwa mbele.

Sasa tuje kwenye mwili, na hapa naomba uwe mvumilivu maana nafikiri nusu ya unachokiita uzito ni macho.

Lenzi ya jicho inakuwa ngumu, kuanzia miaka ya arobaini kila mtu anaanza kusogeza simu mbali ili asome. Na jicho la miaka 60 linaingiza ndani kama theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye jicho la miaka 20, kwa hiyo taa inayomtosha kijana wewe ni giza. Hujaniambia unavaa miwani gani ila hiyo shingo ya jioni inanipa picha. Miwani ya kusomea ya kawaida imepimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi, wakati skrini ya mezani iko sentimita 60 au 70. Ukivaa hiyo lazima uinamie mbele. Ukivaa ile yenye sehemu mbili au zaidi, sehemu ya karibu iko chini ya kioo, kwa hiyo unainua kidevu, shingo inakunjwa nyuma, na unakaa hivyo masaa manane. Nimewaona wengi sana, ukiingia ofisini unawajua kwa kidevu. Mtu huyo jioni shingo inauma, kichwa kizito, anasoma tarakimu mara mbili mbili kwa sababu 3 na 8 zinafanana, na anasema ni uzee. Ni miwani ya umbali usio sahihi. Ipo miwani inayopimwa kwa umbali wa skrini, ila daktari wa macho hawezi kukupa kama hujamwambia huo umbali.

Usidhani hili ni jambo dogo. Kule Assam, India, walichukua wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea ambao walikuwa hawaoni vizuri karibu, kundi moja wakapewa miwani, kundi lingine likasubiri kwanza. Matokeo yalitoka 2018: waliopewa miwani waliongeza uzito wa chai waliyochuma kwa asilimia 21 na kitu zaidi ya wenzao. Mikono ni ile ile, wamepewa kuona tu. Kwa hiyo wewe kuza maandishi ya skrini mpaka yawe makubwa kuliko unavyoona ni lazima, taa iwe ya pembeni isikupige usoni wala isiakisi kwenye kioo, na dirisha lisiwe nyuma ya skrini.

Masikio nayo yaangaliwe. Yanapoanza kuchoka hayapotezi sauti, yanapoteza kwanza zile sauti nyembamba kama s, t, f, k, kwa hiyo unasikia mtu anaongea ila neno hulishiki. Kwa mtu wa malipo hii ni hatari ya peke yake: sita na tisa, sitini na tisini, tofauti yake yote iko kwenye s na t. Mtu akikutajia namba kwa simu mrudishie tarakimu moja moja, au mwambie aitume kwa maandishi, na ukapime masikio. Wengi wanaoonekana wazito kwenye vikao ni kwamba nguvu yote inaishia kwenye kuunganisha maneno, ya kufikiria haibaki.

Kingine ambacho hukukitaja lakini nina uhakika kipo ni kukatishwa. Simu, meseji, mtu anakuja mezani mama samahani kidogo. Mwaka 2011 Wesley Clapp na Adam Gazzaley na wenzao waliangalia ubongo wa watu wakati wanakatishwa kazi, wakaona kijana anaachana na kilichomkatisha na kurudi alipokuwa, ila mtu mzima ubongo wake unabaki umeng'ang'ania kile kilichomkatisha hata baada ya kuisha. Kwa hiyo ukiitwa usiinue kichwa kwanza. Andika maneno matatu kwenye karatasi, umefika wapi na ulikuwa unakwenda kufanya nini, alafu ndo uitikie. Mara mbili kwa siku jitengee nusu saa ya kutopokea kitu, waambie wenzako kabisa, watazoea.

Saa nane ya mchana sasa. Kadiri tunavyokua saa ya mwili inasogea mapema, tunaamka mapema, tunachoka mapema. Cynthia May na Lynn Hasher na mwenzao walionyesha mwaka 1993 kwamba wakubwa wakipimwa kumbukumbu asubuhi wanafanya vizuri, ukiwapima jioni ndo pengo na vijana linakuwa kubwa, wakati vijana wenyewe wanapata nguvu kadiri siku inavyokwenda. Wengi wetu tunafanya kinyume, asubuhi tunajibu barua pepe na kusalimiana, ankara ngumu tunaziacha mchana. Geuza. Ngumu zote zifanyike kabla ya chakula cha mchana, baada ya hapo panga mafaili, pigia wasambazaji simu, funga hesabu za siku. Lakini uchovu wa kila siku saa ile ile usiuache hivi hivi, nenda kapimwe presha, sukari, damu, na ueleze usingizi wako, kama unakoroma na kuamka na kichwa kizito sema, kama joto la kukoma hedhi linakuamsha usiku sema pia usione haya, lina matibabu. Na kama unameza zile dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi ili ulale, muulize daktari, baadhi yake zinatia ukungu kwenye kumbukumbu mpaka kesho yake.

Majina kukupotea mdomoni ni kawaida ya umri, jina linarudi ukiwa unaosha vyombo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni mtu kupotea njia anayopita kila siku, kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja bila kukumbuka, au kushindwa kazi aliyoifanya miaka yote hatua kwa hatua. Ukiona hayo, au watu wa nyumbani wakiyaona, nenda hospitali haraka wala usijifiche, kwa sababu hata hayo wakati mwingine ni upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, au sonona, na vyote vinatibika.

Mwili wenyewe nisikuchoshe, unajua. Nitasema moja tu kwamba mazoezi ya kunyanyua uzito sio ya vijana: mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha wazee wa miaka 90 hivi kwa wiki 8 chini ya uangalizi, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Mara mbili kwa wiki, ukishaongea na daktari wako.

Kuhusu kuijifunza hiyo sistimu, kosa kubwa ninaloliona ni hili: mama anauliza, kijana anasogea, anachukua mausi, anabonyeza tap tap tap, anasema umeona? Hamna ulichoona. Kesho unauliza tena na unaona aibu, keshokutwa huulizi. Mausi isitoke mkononi mwako. Yeye akae pembeni aseme kwa mdomo, wewe ubonyeze, na kila hatua uandike kwenye daftari lako kwa maneno yako mwenyewe sio ya kitabu cha maelekezo. Jambo moja kwa siku, lirudie kesho, alafu lirudie baada ya siku tatu bila kuangalia daftari. Ukienda kwa mwendo wako mwenyewe bila mtu kukusimamia kichwani unachukua muda zaidi ya kijana, ila kinakaa. Na huyo kijana umlipe kwa kitu chenye thamani, mwonyeshe jinsi unavyoinusa ankara mbaya, maana hilo hakuna kozi inayomfundisha.

Alafu kuna kuchagua. Mpiga piano Arthur Rubinstein alizaliwa 1887 na alipiga mbele ya watu mpaka 1976. Mwanasaikolojia Paul Baltes alikuwa anapenda kumtolea mfano, kwamba alipoulizwa anawezaje uzeeni, alieleza kuwa amepunguza idadi ya nyimbo, hizo chache anazifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu inayokwenda mbio anapunguza mwendo kidogo ili ile mbio ionekane mbio. Hakujaribu kupiga kama alivyokuwa na miaka 30. Kwako wewe ni kumwachia kijana yale mafungu marahisi, ankara ndogo ndogo za kila mwezi zinazofanana, na wewe uchukue wasambazaji wapya, kiasi kikubwa, zenye marekebisho, zenye utata. Hapo ofisi inapata faida kwa wote wawili na wala hushindani naye tena mbio za vidole.

Na hilo ndilo la kumpelekea bosi. Amekuuliza kwa upole, mjibu kwa upole, ila usimjibu mikono mitupu. Kuanzia kesho, kwa mwezi mmoja, andika kila ulichokizuia: tarehe, ilikuwa na kasoro gani, kiasi gani kingelipwa kimakosa. Mistari miwili tu kwa kila tukio. Baada ya mwezi omba dakika ishirini, mwonyeshe hiyo karatasi, alafu omba vitu vitatu: mgawanyo wa ankara kama nilivyosema, skrini ya pili, na nusu saa ya asubuhi mara mbili kwa wiki ya kujifunza sistimu. Akisema ni gharama mpe mfano wa BMW. Mwaka 2007 kwenye kiwanda chao cha Dingolfing, Ujerumani, walichukua laini moja ya uzalishaji wakaijaza watu wa umri wa wastani wa miaka 47, kama vile kiwanda kizima kilivyotegemewa kuwa baada ya miaka kumi, wakawauliza wafanyakazi wenyewe kinachowaumiza ni nini. Yalifanyika mabadiliko 70 hivi, sakafu ya mbao, viti vya kukalia kidogo, lenzi za kukuzia, kubadilishana vituo ndani ya siku. Ndani ya mwaka mmoja uzalishaji wa laini ile ukapanda kwa asilimia 7, na gharama ya vifaa ilikuwa kitu kidogo sana kwa kampuni kubwa vile. Hata Shirika la Kazi Duniani, kwenye pendekezo lake namba 162 la mwaka 1980, lilishasema kazi irekebishwe imfae mfanyakazi mwenye umri mkubwa, kwa hiyo huombi fadhila.

Kuna kazi ambazo ningekwambia ubadilishe, kubeba mizigo mizito, zamu za usiku, hizo mwili ukishakataa uusikilize. Yako sio mojawapo. Na karatasi yoyote ya kustaafu mapema usiisaini siku unayopewa, nenda nayo nyumbani, ifanyie hesabu, mwonyeshe mtu anayejua mafao.

Kwa sasa tafuta futi kamba ya fundi cherehani. Kesho ukifika kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa siku zote, usijinyooshe, mwenzako akupimie kutoka kwenye jicho mpaka kwenye kioo cha skrini, andika hizo sentimita kwenye karatasi na uende nayo kwa daktari wa macho wiki hii hii.